Kilima cha Tatu

4 Februari

Shemeji,

Mzigo wa majani umefika. Kondakta wa basi aliuwekea tairi juu, kwa hiyo nusu yake imefika ikiwa unga, lakini usimgombeze, ningeyasaga vilevile. Uliniuliza kwenye simu kazi yangu huku ni nini hasa, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Sasa nimekaa. Tena kwa barua ni afadhali, maana kwenye simu wewe husikiliza sentensi ya kwanza, ya pili unaanza kuhudumia wateja.

Kuna beseni la chuma, ukubwa wake kama droo ya kabati, limejazwa maji. Chini yake kuna kitu kinachotetema kwa kasi ambayo sikio haliipati. Unachosikia ni mluzi mwembamba wa beseni lenyewe. Ninatumbukiza humo chupa yenye majani yaliyosagwa, maji na spiriti. Ile mitetemo inazaa vipovu vidogo mno, vinapasuka pembeni mwa jani na kulitoboa toboa, na kilichomo ndani kinamwagika nje. Hakuna moto. Chupa nikiitoa ni vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Inaitwa altrasaundi, ni ndugu wa ile wanayowapimia wajawazito, ila hii ina ubabe zaidi. Wakati wewe bado unahangaika na sufuria la dawa jikoni, mimi nimeshamaliza.

Kisha tone moja linaingia kwenye mashine nyingine. Hiyo inatenganisha vilivyomo na kuvichorea milima kwenye karatasi, kila kitu na kilima chake. Kitu kikiwa kingi, kilima kinakuwa kirefu. Vile vitu viwili vinavyofungua kifua, ambavyo ndivyo vinavyofanya dawa yenu ya kikohozi inunuliwe, vimetoka mara mbili ya vilivyomo kwenye dawa ya sufuria. Profesa wangu si mtu wa kusifu kitu. Alichosema ni "rudia", lakini aliishika karatasi kwa mikono miwili.

Niletee majani mengine, yakaushwe kivulini.

Tangu kaka yako afariki, Mama anamlea binti yangu, wewe unamlisha, mimi nimekaa huku na chupa. Nataka kazi hii itoe kitu cha kurudi nacho nyumbani. Msalimie Mama. Mwambie Chiriku asome, aache kuwafundisha walimu.

Mama Chiriku

—

13 Februari

Shemeji Mkemia,

Majani hayo hapo, nimemtisha kondakta. Barua yako nilimsomea Mama yote. Akauliza, "Sasa hayo majani yana mimba ya miezi mingapi?" Chiriku alicheka mpaka akapaliwa na uji.

Hapa hali ni ile ile. Karakana nyuma ya nyumba inajaa mvuke kutwa, rangi ya ukutani inabanduka, na sufuria linakula gesi kama limetumwa. Kinyozi wa jirani analalamika kwamba wateja wake wanatoka kwake wamenyolewa vizuri lakini wananukia mgonjwa. Nimemwambia aongeze mafuta ya nywele.

Unamkumbuka Mzee Dereva, yule mstaafu wa malori wa nyumba ya kona? Kifua chake kimezidi. Halali kitandani tena, analala ameketi kwenye kiti, mkewe anamwekea mto mbele aegemee. Kila asubuhi anakuja kuchukua kikombe chake, anakohoa njia nzima. Juzi aliniambia, "Kijana, dawa yako nzuri, lakini inapanda mlima na gia namba moja." Nilicheka, ila iliniuma. Baba alimtibu mzee huyu, na mimi namtibu, na haponi.

Sasa sikia. Fundi miwani wa barabara ya soko anafunga duka. Ana beseni la chuma la kusafishia miwani, nalo linapiga mluzi. Nimelitazama kwa macho yangu. Ni lile lile lako au ni binamu yake? Niambie maji kiasi gani, spiriti kiasi gani, muda gani. Naulizia tu.

Chiriku mzima. Mdomo bado hauna breki.

Shemeji yako,
Mpika Dawa

—

26 Februari

Shemeji,

Ni binamu. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo itachukua muda mrefu zaidi, lakini kazi ni moja. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Nakupa ili ujaribu na uizoee kazi, basi. Usiuze kwanza mpaka nikuandikie.

Kuna jambo moja dogo. Kwenye karatasi, pembeni ya ile milima miwili, kumetokea cha tatu. Kwenye dawa ya sufuria hakipo kabisa. Profesa anahisi ni uchafu wa spiriti, kwa hiyo tunarudia kwa spiriti nyingine. Huenda si kitu.

Chumba changu cha kupanga kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta huo umepakwa rangi nusu. Kila nikirudi naangalia kama wamemalizia. Hawajamalizia. Hayo ndiyo maisha yangu yote nje ya maabara, usije ukadhani nakuficha starehe.

Mama Chiriku

—

12 Machi

Shemeji,

Nimelinunua! Fundi miwani alinionea huruma, au alichoka kulitazama. Nimeliweka karakana, kwenye meza pale palipokuwa na pipa. Mara ya kwanza kuliwasha, mbwa wa kinyozi alitoka mbio na hajarudi upande wetu mpaka leo. Kinyozi anasema hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu yako.

Dawa inatoka nyeusi, chungu, nzito. Naionja kila mkupuo kabla haijaingia kwenye chupa, kama Baba alivyokuwa akifanya. Ulimi unakufa ganzi kidogo, halafu kifua kinafunguka mpaka unashangaa ulikuwa unapumulia nini zamani. Uliposema nisiuze nimekuelewa: ni lebo. Zile za zamani zimeandikwa "imechemshwa", na si vizuri kuwadanganya watu. Mpya zimeshachapishwa. Kwa sasa wanaojaribu ni wachache tu wa karibu.

Lakini nikueleze la Mzee Dereva. Nilimpa kichupa. Kesho yake asubuhi hakuja. Nikasubiri, hakuna kikohozi barabarani. Nikaenda mbio. Mkewe alinikuta mlangoni, kidole mdomoni.

"Taratibu. Amelala."

"Kwenye kiti?"

"Kitandani. Chali."

Alikuwa analia huyo mama, shemeji, na huku anacheka. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye pazia nichungulie. Kweli, mzee kalala chali kama mtoto, kifua kinapanda na kushuka polepole. Sijawahi kuona uso wake umetulia vile.

Kaka yangu angekuwepo angejisifu kwamba yeye ndiye aliyekuoa.

Spiriti inanikausha vidole, chupa mbili zimeniponyoka wiki hii. Nitanunua glavu.

Mpika Dawa

—

24 Machi

Shemeji,

Nimefurahi kwa habari za Mzee Dereva, lakini nina maswali na naomba uyajibu kama yalivyo, bila hadithi.

Hao wachache wa karibu ni akina nani? Wanakunywa kiasi gani? Mama amekunywa? Chiriku amekunywa?

Kilima cha tatu hakitokani na spiriti. Tumebadilisha spiriti, tumebadilisha chupa, nimeosha kila kitu mwenyewe, na bado kipo. Kinatoka kwenye jani. Bado tunakichunguza na sitaki kukutia wasiwasi bure. Mpaka nikuambie, Chiriku asiiguse dawa ya beseni hata akikohoa. Mpe ile ya sufuria.

Na wewe acha kuonja.

Mama Chiriku

—

2 Aprili

Mwanangu,

Anayesema ni mimi mkweo, anayeandika ni binti yako. (Mama, ni mimi Chiriku. Bibi amesema niandike anachosema yeye na nisiongeze langu. Sijaongeza.)

Barua yako ya mwisho shemeji yako aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Tulipomuuliza akasema unatusalimu. Barua ya kusalimia haimfanyi mtu aache chakula. Kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe.

Anauza. Kila mtu anauziwa. Watu wanapanga foleni asubuhi kuanzia mlangoni kwetu mpaka kwa kinyozi, na kinyozi siku hizi halalamiki tena, anainyoa ile foleni. Sufuria limegeuzwa juu chini, kuku wanalala humo. Wanaokuja wanasifu, wanabariki, wanamwita daktari. Na yeye anafurahi kuitwa.

Vidole vyake havishiki. Vifungo vya shati anafungwa na mtoto. (Kweli Mama. Naanzia chini. Baba Mdogo anasema ni mchezo.) Kikombe anakishika kwa mikono miwili kama mzee, na mimi mzee nakishika kwa mmoja.

Juzi mchana alilala karakana, ameegemea meza. Nilimwita, kimya. Nikamtikisa, kimya. Nikammwagia maji ya beseni lake hilo. Akafumbua macho kama mtu anayerudi kutoka mbali, akasema, "Nimechoka tu, Mama." Nimelea watoto, na mmoja nimemzika, nawe unajua. Mtu aliyechoka namjua. Yule hakuwa amechoka.

Chiriku hajapewa, nilikataa mimi. Shemeji yako alikasirika, akasema simwamini mwanangu mwenyewe. (Nilikohoa kidogo tu, sikuwa naumwa.) Mimi mwenyewe sijainywa. Naogopa kitu kichungu kisichopita motoni, sina sababu nyingine, na wala sijidai kujua.

Sasa wewe msomi nijibu kwa lugha ya nyumbani. Mwanangu anaumwa nini?

Mama

(Na mimi. Nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza alinakili.)

—

7 Aprili

Shemeji,

Jana nilikupigia. Kwanza ulicheka, halafu ukasema una wateja, halafu ukanikatia. Nilipopiga tena alipokea Mama. Najua amekufikishia niliyosema, lakini nayaandika ili usije ukasema hukuelewa.

Kilima cha tatu ni sumu. Jani limekuwa nayo siku zote. Mnapolichemsha kwenye sufuria wazi, sumu hiyo inaondoka na mvuke, na kwenye chupa haibaki hata chembe. Bibi yenu aliyeanza kuipika dawa hakulijua hilo, na tusimzushie. Alichemsha kwa sababu dawa zote zilichemshwa. Beseni halina moto wala mvuke. Linatoa kila kilichomo, zuri na baya, na vyote vinabaki humo.

Panya wa maabara waliopewa kidogo walilegea miguu. Waliopewa zaidi walilala. Waliopewa zaidi ya hapo waliacha kupumua, taratibu, bila kuhangaika.

Nilipokuandikia tarehe ishirini na nne Machi, panya walikuwa wameshakufa. Profesa alitaka turudie kabla ya kumwambia mtu yeyote, nami nikakubali. Nilikuandikia "bado tunachunguza". Ungejua mapema kama ningeandika vingine.

Nenda hospitali leo na uwaonyeshe barua hii. Vidole vitarudi ukiacha kuonja, kama bado hujachelewa. Zima beseni. Kusanya kila chupa, nyumba kwa nyumba. Usimtume mtu, nenda mwenyewe, kwa sababu watakaoambiwa na mtu mwingine hawataamini.

Mama Chiriku

—

22 Aprili

Shemeji,

Nilitaka nisikujibu. Nilikaa na barua yako nikiwa na hasira, nikasema huyu ameona watu wanatupenda sasa anataka sifa ibaki kwenye maabara yake. Nilimwambia Mama hivyo. Mama akanipa shati akasema, "Vaa, ufunge vifungo." Nilihangaika na kile cha juu mpaka jasho likanitoka. Nikaenda hospitali.

Daktari ni kijana, aliisoma barua yako mara mbili, akanigonga magoti na kinyundo, akanichoma vidole na sindano huku nimefumba macho. Viwili sikuvisikia kabisa. Amesema nisubiri na nisionje kitu. Nasubiri.

Beseni nimelizima, liko chini ya meza. Na chupa nimeanza kuzikusanya, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa siijui. Nilidhani watu watakasirika kwa sababu niliwapa sumu. Wanakasirika kwa sababu nawanyang'anya.

Mwalimu wa darasa la Chiriku aliniambia, "Umeona inauzika, unataka kupandisha bei." Nikamweleza habari ya panya. Akasema, "Mimi si panya." Alinipa chupa, lakini aliitoa kama anayempa mwizi pochi. Kinyozi aliniletea yake mwenyewe, akakaa, akaniuliza polepole, "Na mimi ninayesikia mkono mzito nikishika mkasi?" Nikampeleka kwa yule daktari kijana. Ameacha kunyoa kwa sasa, ndevu za mtaa mzima zimeota.

Mzee Dereva alinikatalia. Alikuwa kitandani, ameegemea mto, uso una nuru. Nikamweleza yote, sikuficha neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Nimeendesha malori maisha yangu yote, kijana. Unajua dereva anataka nini? Kulala ameunyoosha mgongo. Nimelala hivyo tangu uniletee hii. Sasa unaniambia nikakirudie kile kiti."

"Inaweza kukuua."

"Na kile kiti je?"

Chupa ilikuwa juu ya kijimeza karibu na mkono wake. Ningeweza kuichukua, hana nguvu ya kunizuia. Aliniangalia, akajua ninachowaza, akasema, "Baba yako asingefanya hivyo." Nikatoka. Mkewe alikuwa jikoni, nilimuaga, hakuitikia.

Niambie nifanye nini na huyu. Wengine wote nimewamaliza, au karibu.

Mpika Dawa

—

1 Mei

Shemeji,

Rudi kwake ukaichukue. Atakuchukia, sawa.

Na sasa tunajua kwa nini wanaipenda. Tulidhani dawa ya beseni imewasaidia watu kwa sababu ile milima miwili imerefuka. Imesaidia kidogo tu. Kinachonyamazisha kikohozi ni cha tatu. Kinafisha ganzi koo na kifua, mtu hasikii haja ya kukohoa, na polepole hasikii haja ya kupumua. Mzee Dereva hajapona hata kidogo. Uchafu uliomo kifuani bado umo, na sasa hautoki. Mueleze hivyo hivyo.

Kwa kazi yako: nimejaribu kuipitisha dawa ya beseni kwenye moto mdogo, chombo wazi, dirisha wazi. Kilima cha tatu kinaondoka chote. Milima miwili inabaki mirefu. Ni dawa nzuri kuliko ya sufuria, na gesi utakayotumia ni kidogo sana. Lakini haitamlaza mtu siku ya kwanza. Haitapangiwa foleni. Nimeona ulijue hilo kabla hujaamua kama utaendelea.

Profesa anataka tuandike makala. Nimemwambia habari za mtaa wetu ziwemo, au jina langu lisiwemo. Hajajibu. Tunasalimiana kama kawaida.

Vidole vinaendeleaje? Uliniandikia tu kwamba unasubiri.

Mama Chiriku

—

14 Mei

Shemeji,

Barua yako imefika siku moja baada ya kumzika Mzee Dereva.

Nitakueleza kwa mpangilio kwa sababu nikiruka sitaweza kurudi. Kinyozi ndiye aliyeniletea habari. Niliketi karakana nikasema nimemuua. Mama akasema, "Kama umemuua nenda ukakae na mkewe, usikae hapa." Nikaenda. Nilibeba viti, nilichota maji, nilisimama kaburini nyuma ya watu. Kila aliyenipa mkono nilidhani anajua.

Watu walipopungua, mkewe aliniita chumbani. Kile kiti kilikuwa pale pale, na mto juu yake. Alinionyesha nikae kitandani, yeye akabaki amesimama.

"Siku ile ulipokuja kutuambia habari za sumu, nilikuwa jikoni, nikasikia yote," akasema. "Ulipoondoka, yeye akasinzia. Nikaimwaga ile chupa. Nikaiosha, nikajaza ile yako ya zamani, nikatia chai ya rangi iwe nyeusi."

Nikauliza, "Kwa hiyo hakunywa tena?"

"Hata tone. Kikohozi kikarudi, na kiti kikarudi. Kila siku anasema, 'Yule kijana ameiharibu dawa. Mtoto wa watu waliojua kazi, ameiharibu.' Mimi naitikia. Nimekutukana naye, mwanangu, unisamehe, nimekutukana kweli kweli ili asinishuku."

Nikamwambia hana la kuombea msamaha. Nikamwambia aliokoa maisha yake, kama lilivyonijia mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Usiniambie la haraka. Kifua kimemuua vilevile. Amekufa ameketi, amenishika hapa," akanionyesha kiganja kwenye bega, "anatafuta pumzi. Nataka unijibu wewe unayeijua hiyo dawa. Ningemwachia, angekufa amelala?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Basi muulize yule aliyekuambia uzikusanye."

Halafu akanisimulia mambo mengine, kama vile hakuuliza kitu. Kwamba zile wiki mzee alikuwa macho kutwa, wakicheza drafti, na akishindwa anasukuma kete kwa kikohozi na kusema ni bahati mbaya. Kwamba alimweleza barabara alizopita, mji kwa mji, mambo ambayo hakuwahi kumwambia katika ndoa yao yote. Kwamba siku moja alimlaani kwa kumletea chai baridi, wakanuniana mpaka jioni. Alisimulia huku anakunja nguo za mzee na kuzipanga, kisha anazikunjua na kukunja upya.

Mimi vidole naanza kuvisikia, vinachoma kama vimegandia barafu, daktari anasema ni dalili njema. Kinyozi ameanza kushika mkasi, kwa wanaothubutu. Beseni sijaliwasha. Nitaliwasha, na nitapitisha motoni kama ulivyosema, lakini kwanza huyu mama ajibiwe. Mimi siwezi. Mwandikie wewe.

Mpika Dawa

—

23 Mei

Mama,

Pole sana na msiba. Hatujaonana tangu nihamie huku kikazi. Mimi ni mke wa marehemu mtoto mkubwa wa jirani zako wapika dawa, na ndiye niliyemwambia shemeji yangu akusanye zile chupa. Kabla ya hapo, mimi ndiye niliyemfundisha kuitengeneza ile dawa bila moto. Swali lako limenifikia.

Nimekaa nalo siku kadhaa nikitafuta namna ya kulijibu ambayo haitakuumiza, na sijaipata. Kwa hiyo nakujibu kama ninavyojua.

Ndiyo. Kwa kiasi alichokuwa anakunywa, naamini mzee angekufa amelala. Asingesikia kitu. Na ingekuwa mapema zaidi. Siwezi kusema mapema kiasi gani, lakini ninavyopima mimi, asingefika mwisho wa Aprili.

Siku alizoishi baada ya hapo amezipata kwako. Zilikuwa na kikohozi, zilikuwa na kile kiti, na mwisho wake uliuona. Kama zilistahili, mashine zangu haziwezi kulipima hilo. Wewe ndiye uliyekuwa naye.

Kama angeniuliza mimi achague lipi, nisingejua la kumwambia. Wewe hukungoja kujua, ulifanya. Watu watakuambia ulifanya vizuri, na shemeji yangu alitaka kukuambia hivyo, ukamkatalia. Nami sitakuambia.

Nitakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ukiniruhusu nitapita kwako. Si lazima tuzungumze. Nitakusaidia kuzikunja nguo, na utaniambia zipi ni za kugawa na zipi zinabaki.

Mama Chiriku